Mwanga wa mlimani: maswali yenu kuhusu tochi na taa za kambi

Kiangazi kikikaribia, barua za wapanda milima huongezeka, na safari hii nyingi zinauliza habari ya mwanga. Nimechagua chache zinazobeba maswali ya wengi. Jambo moja nilitangulize kwa wote: sisi tunaoishi karibu na ikweta, jua hutuzamia kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Anayelala porini, awe amekwenda Januari au Julai, ana giza la karibu saa 11 kila usiku. Kwenye milima ya Ulaya wakati wa kiangazi giza ni la saa chache tu, na ushauri mwingi wa kuchukua kitaa kidogo kabisa cha gramu ishirini na kitu umetoka huko. Kwetu taa inafanya kazi karibu nusu ya safari. Iwe nyepesi, sawa, lakini kwanza iwake hadi asubuhi.

"Napanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame mwezi wa nane. Dukani nimeonyeshwa tochi ya kichwani ya lumeni 300 na nyingine ya lumeni 1,000. Hiyo kubwa bei yake ni mara tatu. Nijikaze niinunue?" (Mama wawili, Dar es Salaam)

Usijikaze, mama. Hela hiyo iweke kwenye glavu nzuri na betri za akiba.

Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa. Watu wengi hudhani lumeni 1,000 zitaona mbali zaidi ya mara tatu kuliko 300, lakini mwanga hutawanyika kadiri unavyosafiri. Ili uone mbali mara mbili unahitaji lumeni mara nne, kwa taa zenye umbo moja la miale. Kwa hiyo hiyo kubwa haitakufikisha hata mara mbili ya umbali wa ile ndogo, na ukiiwasha kwa nguvu zote itakunywa betri zaidi ya mara tatu.

Sasa fikiria usiku wa kilele. Kutoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, wengi huondoka kati ya saa 5 na saa 6 usiku, na anga huanza kung'aa karibu na saa 12 asubuhi. Hizo ni kama saa sita za kutembea gizani, tena polepole, na muda wote unatazama visigino vya aliye mbele yako na hatua mbili tatu za changarawe. Kazi hiyo inataka lumeni 50 hadi 100, basi. Lumeni 300 utazihitaji kwa dakika chache, mkitafuta njia kwenye mawe makubwa au mkimtazama mwenzenu aliyebaki nyuma.

Kuna hesabu ambayo boksi la dukani halikufanyii. Taa nzuri ya LED hutoa karibu lumeni 100 kwa kila wati moja. Betri tatu za AAA, zile nyembamba, kwa pamoja zina kama wati-saa 4, yaani wati moja kwa saa nne. Gawanya: lumeni 100 zitawaka kwa nguvu ileile saa 4 hivi, kisha zitaanza kufifia. Boksi linaweza kuandika saa 10, na si uongo mtupu, kwa sababu kipimo cha ANSI FL1 wanachotumia watengenezaji wengi huhesabu muda mpaka mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Maana yake ni kwamba saa ya kumi unatembea na lumeni 10. Ndiyo maana nasisitiza betri mpya usiku ule, na seti ya pili mfukoni.

Ukiwa dukani, usiishie kuwasha na kuzima. Vaa kofia ya sufu na glavu zako nene, jifunge tochi juu ya kofia, halafu jaribu kubonyeza kitufe bila kutazama. Kama huwezi kukipata kwa kidole chenye glavu hapo dukani penye joto, huko juu hutakipata kabisa. Inamisha kichwa cha tochi chini, kisha rukaruka kidogo. Kikijishusha chenyewe, iache. Tafuta pia maandishi ya IPX4 au zaidi, yaani inavumilia mvua ya kurushiwa kila upande. Uzito wa gramu 35 hadi 90 pamoja na betri ni wa kawaida kwa tochi ya maana.

"Betri za kubadilisha au tochi ya kuchaji? Nafundisha Mbeya, nimezoea Rungwe, na Desemba naenda Kilimanjaro." (Mwalimu)

Mwalimu, kwa Rungwe yoyote inafaa. Kwa Kilimanjaro jibu lategemea baridi, kwa sababu usiku wa kilele joto huweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, na upepo juu yake.

Betri za alkalaini, zile za kila duka, huchoka vibaya kwenye baridi. Kemikali zilizo ndani hutenda kazi polepole, na tochi iliyokuwa kali jioni inakuwa ya manjano saa 9 usiku ukiwa katikati ya mteremko. Betri za lithiamu za volti 1.5 za kutupa ni jambo lingine kabisa: zimetengenezwa kuvumilia hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na ni nyepesi. AAA moja ya lithiamu ina gramu kama 7.6 wakati ya alkalaini ina zaidi ya 11. Ni ghali na kwetu hazipatikani kirahisi, kwa hiyo ukiwa na ndugu anayerudi kutoka nje, mwagize hizo badala ya chokoleti. Kwanza soma maelekezo ya tochi yako, maana baadhi ya watengenezaji hawaziruhusu.

Tochi ya kuchaji hutumia lithiamu-ayoni, ya aina iliyo ndani ya simu. Baridi huipunguzia nguvu kwa muda, na ikipata joto nguvu hiyo hurudi. Kosa kubwa ni kuichaji ikiwa imeganda. Chini ya sifuri, chuma cha lithiamu huanza kujipaka juu ya kipande cha ndani badala ya kuingia mahali pake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Chaji alasiri mkifika kambini, hema likiwa bado na joto la jua, na umalize kabla ya chakula cha jioni.

Mimi nachagua tochi inayokubali vyote viwili: betri yake ya kuchaji, na AAA tatu ikibidi. Kama huipati, chukua ya AAA. Mwanga ukizimika juu ya Barafu, betri utaomba kwa mwenzako na utabadilisha kwa dakika moja, ilhali chaji huwezi kuazimwa.

Usiku wa safari lala na tochi na betri za akiba ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na tumbo. Badilisha betri ndani ya hema kabla ya kuanza kupanda hata kama za zamani bado zinawaka, na zile za zamani ndizo ziwe akiba ya kushukia. Mchana, tochi ikiwa ndani ya begi, ifunge kitufe kama ina kufuli. Kama haina, geuza betri moja kichwa chini. Tochi nyingi hufia ndani ya begi, zimewaka mchana kutwa bila mwenyewe kujua. Ukirudi nyumbani toa betri zote, kwa sababu alkalaini zikivuja hula vyuma vya ndani.

"Simu yangu ina tochi kali sana. Kuna haja gani ya kubeba kitu kingine kwenda Point Lenana?" (Msomaji, Nairobi)

Haja ipo. Kutoka kambi ya Shipton's, Mlima Kenya, mnaondoka saa 8 au 9 usiku, na kabla ya kufika mita 4,985 kuna mahali utahitaji mikono yote miwili kwenye mwamba. Simu itakaa wapi? Nayo ndiyo ramani yako, kamera yako na namba za kuomba msaada, na kwenye baridi ile huweza kuzimika ghafla ikionyesha bado ina asilimia 30. Iweke mfuko wa ndani wa koti, upande wa kifua. Tochi yake ni ya kutafutia soksi ndani ya hema.

"Sisi ni wanafunzi kumi wa Morogoro, tunapenda kulala Morningside kabla ya kupanda Bondwa. Tunataka taa ya kambi ya kukaa wote na kupika. Mmoja ana karabai ya babu yake, mwingine anasema mishumaa." (Wanafunzi)

Karabai ya babu ina mwanga mzuri kweli, ila ina kilo mbili na zaidi kabla hamjatia mafuta, ina kioo cha kuvunjika, na utambi wake ukiguswa unakuwa majivu. Ibaki nyumbani. Mishumaa ndani ya hema naikataa kabisa. Kitambaa cha hema ni nailoni au poliesta. Hakiungui taratibu kama kanga, huyeyuka na kudondoka kikiwa moto juu ya ngozi. Na kwa kuwa mmetaja kupika: jiko la mkaa lisiingizwe hemani hata mvua ikinyesha, hata kama makaa yamefifia. Kaboni monoksaidi haina harufu na huua watu usingizini. Jambo hili ningelisema hata kama hamkuuliza.

Mnazo tochi za kichwani? Basi taa ya kambi mnayo tayari. Chukueni chupa ya maji iliyojaa, ile ngumu ya kutumia mara nyingi isiyo na rangi au yenye weupe wa maziwa. Zungushieni mkanda wa tochi kwenye chupa, taa ikitazama ndani ya maji. Mwanga mkali wa nukta moja unatawanyika kila upande, unakuwa laini, haumchomi mtu macho. Lumeni 50 namna hiyo zinatosha watu sita kula na kuongea. Ndani ya hema, tundikeni tochi kwenye kitanzi cha dari ikitazama juu, mwanga urudi kutoka kwenye kitambaa.

Kama mna hela ya kununua kitu kimoja cha pamoja, nunueni taa ya kujaza upepo yenye paneli ndogo ya jua juu yake. Nyingi zina gramu 100 hadi 150 na zikikunjwa ni bapa kama sahani. Kabla ya kuondoka ichajini siku nzima juani, au kwa waya kama ina tundu la USB. Uluguru ni mlima wa mawingu na mvua, na kipande kidogo kile cha paneli kikifungwa juu ya begi msituni hakipati jua la maana. Chagueni yenye mwanga wa manjano kuliko mweupe wa bluu. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, mtafurahi, kwa sababu wadudu wengi huvutwa zaidi na mwanga wa bluu. Mbu wao hawajali sana taa: wanafuata pumzi yenu na joto la miili, kwa hiyo dawa na chandarua haviepukiki.

"Tochi yangu ina mwanga mwekundu. Wa nini?" (Msomaji, Arusha)

Ni wa kulinda macho. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa sekunde chache huvunja kazi hiyo yote. Chembe za jicho zinazoona gizani karibu hazihisi wekundu, kwa hiyo ukitumia mwekundu kutafuta kitu begini bado utaziona nyota ukitoka nje. Pia hutawaamsha wenzako hemani. Usiutumie kutembelea mahali penye mawe na mashimo, maana kina hakionekani vizuri.

"Magamba asubuhi na jioni kuna ukungu. Nikiwasha tochi ya kichwani naona ukuta mweupe tu, naongeza nguvu, ukuta unazidi." (Msomaji, Lushoto)

Punguza nguvu, na ivue kichwani. Matone ya ukungu yanarudisha mwanga moja kwa moja ulikotoka, na tochi ya kichwani iko sentimita chache juu ya macho yako, kwa hiyo mwanga wote unakurudia usoni. Ishike mkononi usawa wa nyonga, imulike chini mbele ya miguu. Ukuta unapungua papo hapo.

Kuna faida nyingine hata pasipo ukungu. Taa ikiwa karibu na macho, kila jiwe linaficha kivuli chake nyuma yake, na njia inaonekana tambarare. Ukiishusha, vivuli vinatoka, na mzizi uliokuwa umejificha unaonekana na urefu wake. Kwenye mteremko wa kushukia gizani nafanya hivi kila mara.

"Mimi ni mgumu, yaani mpagazi, napanda Machame na Lemosho. Tochi nanunua sokoni, safari mbili imekufa. Za wageni siziwezi bei. Nifanyeje?" (Mgumu, Moshi)

Kaka, hili ndilo swali nililolitilia maanani kuliko yote. Kazi yako inaanza mgeni hajaamka na inaisha amelala: maji ya alfajiri, vyombo vya usiku, mahema ya kukunja yakiwa na barafu. Ukomo wa mzigo wako ni kilo 20, na ukiwa umebeba kilo hizo, jiwe moja usiloliona linatosha kukuvunja mguu. Mwanga wako una thamani ileile ya mwanga wa mgeni.

Sokoni, ikimbie tochi yoyote iliyoandikwa maelfu mengi ya lumeni, au betri ya mviringo ya 18650 iliyoandikwa "9900 mAh". Hiyo mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri, na betri nzuri ya ukubwa huo ina 2,500 hadi 3,500. Ipime mkononi: ya kweli ni nzito kwa umbo lake, karibu gramu 45, na ya uongo ni nyepesi isivyo kawaida. Kwa hela kidogo, tochi rahisi ya AAA yenye nguvu mbili tu, kali na hafifu, hudumu kuliko ile yenye kumulikamulika rangi tano. Kila aina ya ziada ni sehemu ya ziada ya kuharibika.

Na hiyo iliyokufa usiitupe bado. Zenye kiboksi cha betri kisogoni hufa mahali pamoja: waya unaotoka kisogoni kuja mbele hukatika ndani ya plastiki, pale unapokunjwakunjwa. Ushike pale unapoingia kwenye boksi, uusogeze taratibu tochi ikiwa imewashwa. Mwanga ukija na kupotea, umepata ugonjwa. Fundi redio wa mtaani anaukata na kuuunga upya kwa dakika kumi. Baada ya hapo zungushia gundi ya utepe ili usikunjike tena. Kama waya ni mzima, fungua uangalie vyuma vya betri. Ukiona ungaunga mweupe, hiyo ni alkalaini iliyovuja: paka ndimu kwa kijiti cha pamba, futa, kausha kabisa, kisha sugua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae.

KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro wenye ofisi Moshi, huwaazima wapagazi mavazi na vifaa vya mlimani bila malipo. Pita ofisini kwao uulize tochi.

Kwa wageni na Watanzania wenzangu mnaopanda: mkitaka kuacha tochi kama zawadi, mwachieni mgumu mwenyewe mkononi, ikiwa na mkanda mzima, waya wake wa kuchajia na betri zenye uhai. Na kampuni za utalii, tochi ya kila mpagazi iingie kwenye orodha ya vifaa vya safari kama mahema na majiko yanavyoingia. Gharama yake ni ndogo mno kwenye safari ya mamilioni.

"Assalamu alaykum. Nipo Maskati, nakuja kupanda Kilimanjaro Januari. Tochi na pawabenki niziweke wapi kwenye ndege?" (Ndugu yenu, Oman)

Waalaykumu salaam. Pawabenki na betri zote za lithiamu za akiba ziwe kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo wa chini ya ndege haziruhusiwi. Kiwango cha kawaida kisichohitaji kibali ni wati-saa 100. Zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000: pawabenki ya 10,000 ni wati-saa 37, huna wasiwasi. Angalia masharti ya shirika lako, maana mengine yamekaza. Emirates, kwa mfano, tangu Oktoba 2025 huruhusu abiria pawabenki moja, na hairuhusiwi kutumiwa ndani ya ndege. Hiyo ya 10,000 ina gramu 200 hivi na huchaji tochi mara nyingi, hakuna sababu ya kubeba kubwa zaidi kwa siku saba. Tochi nayo ije nawe mkononi, mzigo ukichelewa usianze safari bila taa.

"Mlima Meru una nyati na chui. Tochi kali itawafukuza?" (Msomaji, Usa River)

Usiitegemee. Nyati akimulikwa anaweza kusimama tu akutazame, na ukimkaribia ni hatari ileile ya mchana. Kinga yenu ni askari wa hifadhi mwenye silaha anayeongozana nanyi, na kukaa pamoja. Kazi ya tochi ni kuona mapema. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, hivyo macho huwaka kama mnyama yuko mstari mmoja na taa yako. Hapa tochi ya kichwani ni bora, kwa kuwa iko usawa wa macho. Mkitoka vibanda vya Miriakamba kwenda chooni usiku, simama mlangoni, pitisha mwanga polepole kushoto hadi kulia kwa usawa wa kiuno, ndipo ushuke ngazi. Ukiona macho mawili makubwa yaliyoachana, rudi ndani bila kukimbia, mwite askari.

"Tukipanda wakati wa mbalamwezi, tochi si mzigo wa bure?" (Msomaji, Marangu)

Mbalamwezi ni msaada mkubwa, ila wengi hukosea siku. Mwezi mpevu huchomoza jua likizama, na saa 6 usiku uko juu kabisa. Kuanzia hapo unaelekea magharibi, na ninyi wa Kibo Hut na Barafu mko upande wa mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kadiri alfajiri inavyokaribia mlima wenyewe unaanza kuwakinga. Kila siku baada ya mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kwa kama dakika 50. Mkipanga usiku wa kilele siku mbili hadi nne baada ya mpevu, mtakuwa nao mbele ya mteremko karibu njia nzima. Siku tatu kabla ya mpevu ni mbaya zaidi kuliko zinavyosemwa, kwa sababu unatua saa 9 au 10 usiku na kuwaacha kwenye giza lenye baridi kuliko lote. Hata kwenye mwezi mzuri tochi iwe kichwani, imezimwa, na betri mpya ndani: wingu moja linatosha.

"Nikipotea, nimulike vipi nijulikane nahitaji msaada?" (Msomaji, Tanga)

Mara sita ndani ya dakika moja, kwa nafasi sawa, kisha pumzika dakika moja, rudia. Ukijibiwa, utaona mimuliko mitatu kwa dakika. Endelea kumulika hata baada ya kujibiwa, ili wanaokuja wasipoteze mwelekeo, na kaa hapohapo ulipo.